Shajara ya mradi: konokono mdogo wa kilindini, kutoka ganda hadi jina

13 Januari 2024: Chupa, mashapo na lebo iliyofutika

Kazi inaanza na chupa moja ya mabaki ya mashapo. Yalikokotwa kwa dreji, yaani kikapu cha chuma kinachoburutwa sakafuni mwa bahari, kutoka mteremko wa bara, kina cha mita 620 hadi 640. Aliyenipa ni mtafiti wa minyoo ya baharini. Minyoo yake alikwisha kuitoa, na yaliyobaki, yaani mchanga laini, foraminifera (viumbe wa seli moja wenye vijiganda), miiba ya vinyiri na maganda madogo, yalikuwa yanangoja kumwagwa. Naandika shajara hii ili mwenye chupa kama hii asiimwage, na ili ajue mapema ni hatua zipi zinazoharibu maganda.

Lebo ya ndani iliandikwa kwa kalamu ya wino wa kawaida. Ethanoli imeufuta. Kina kinasomeka, jina la kifaa linasomeka, lakini latitudo na longitudo zimebaki doa la buluu. Hasara hii ni kubwa kuliko ganda kuvunjika, kwa sababu mahali ndipo panapopunguza orodha ya majina. Bila kujua ni bahari gani, mtu anabaki na spishi za dunia nzima mezani. Lebo inayokaa ndani ya chupa iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu isiyochanika majini. Penseli haiyeyuki.

Kuchekecha hakukuwa na shida: chekeche za milimita 2, 1 na 0.5, maji ya kutosha, kisha kuokota chini ya hadubini kwa burashi laini namba 000 iliyoloweshwa. Maganda mengi ninayoyataka yalibaki kwenye chekeche ya milimita 1.

Kitu kimoja kisisahauliwe wakati wa kuokota. Si kila ganda lililotoka kilindini liliishi kilindini. Katika chupa hii kuna maganda mengi mepesi, ya kioo, yanayojizungusha kushoto. Hao ni pteropodi wa kundi la Limacina, konokono wanaoogelea maisha yao yote katika maji ya juu na kuanguka chini wakifa. Vilevile ganda tupu la pwani linaweza kuporomoka na mashapo kwenye mteremko, au kubebwa na kaa mtawa. Kina kilichoandikwa kwenye lebo kinaeleza ganda lilipokokotwa, basi.

Aina ya ganda niliyoichagua ina maganda manane kwenye sampuli. Ni jeupe, jembamba, lenye umbo la pia iliyorefuka, urefu chini ya milimita 6. Kila mzunguko una bega, na chini ya bega kuna mbavu za wima zinazokatwa na nyuzi nyembamba zinazofuata mzunguko. Chini mdomo unaishia kwenye mfereji mfupi wa sifoni, mrija ambao mnyama huvutia maji. Ganda zima halina rangi isipokuwa nchani, ambako mizunguko ya kwanza kabisa ni ya kahawia inayoelekea kaharabu. Rangi hiyo ndiyo iliyonifanya nilichague. Mnyama asiye na rangi mwili mzima akiwa na ncha ya rangi, ncha hiyo ina habari.

27 Januari 2024: Kusafisha, na ganda la kwanza lililopotea

Sampuli za minyoo huhifadhiwa kwanza kwa fomalini, ndipo huhamishiwa kwenye ethanoli. Fomalini ikikaa hugeuka kidogo kidogo kuwa asidi ya fomiki, na ganda la konokono ni kalsiamu kaboneti, mara nyingi aina ya aragonaiti ambayo huyeyuka upesi kuliko kalisaiti. Boraksi ikitiwa huzima ukali huo kwa muda, si milele. Katika manane yangu, mawili yana weupe mfu wa chaki, na ncha zake zimelika mpaka zimekuwa laini. Hayo nimeyatenga kwa majaribio.

Jaribio la kwanza lilikuwa kisafishio cha mawimbi ya sauti, kifaa kinachopendwa na wanaosafisha vito na meno bandia. Kwa ganda nene kinafaa. Kwa ganda la kilindini ambalo ukuta wake unapitisha mwanga, hakifai. Ganda lililokuwa limejaa tope liligawanyika ndani ya sekunde chache: mzunguko wa mwisho ukaachana na mnara, yaani mizunguko iliyo juu yake, na ukingo wa mdomo ukawa vumbi. Nilipokitazama kipande kwa karibu niliona ufa wa zamani uliopita chini ya mbavu mbili, usioonekana tope likiwa ndani. Gharama ni ganda moja. Kipande cha mzunguko wa mwisho nimekihifadhi.

Jaribio la pili lilikuwa sodiamu hipokloriti (dawa ya kupaushia nguo) iliyozimuliwa, kwenye moja la yale ya chaki. Haiyeyushi kaboneti, lakini hushambulia mata ya kikaboni inayozishikilia fuwele, na kwa ganda ambalo tayari limedhoofika uso ulizidi kuwa mkavu na wenye punje. Sitaitumia tena kwa kitu chembamba hivi. Siki na asidi yoyote ile haina nafasi kabisa katika kazi hii, hata tone.

Njia iliyofanya kazi ni ya polepole. Ganda linalazwa usiku kucha kwenye maji ya bomba yenye tone la sabuni laini, kisha linapigwa burashi likiwa bado ndani ya maji, na tope la mdomoni linatolewa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa hadi kuwa chembamba. Maji yaliyoondolewa madini yote yasitumike kwa kuloweka kwa muda mrefu. Hayana kalsiamu, na hivyo huichukua kutoka kwenye ganda. Mwisho suuza kwa ethanoli na uache likauke kwenye karatasi ya kuchujia, mbali na jua.

10 Februari 2024: Kulishika, kulipima, kulipiga picha

Ganda la milimita 6 haliwezi kushikwa kwa mkono huku linapimwa, na hapa ndipo vipimo vingi vinavyochapishwa na wapenzi wa maganda huharibika.

Nilianza na udongo wa kuchezea. Unashika vizuri, lakini mafuta yake yalipenya ukuta wa ganda na kuacha doa la kijivu lililoonekana hata kwa jicho tupu. Ethanoli ilipunguza doa bila kuliondoa. Mchanga mweusi laini ulifuata: hauachi doa, ila punje ziliingia mdomoni na kuonekana pichani kama meno ya nguzo, yaani ya mhimili wa ndani ya ganda, jambo la hatari maana meno ya nguzo ni alama ya kweli katika familia nyingine. Kilichofaa ni gundi ya tragakanti, ile inayotumiwa na wataalamu wa foraminifera, tone dogo juu ya kichwa cha pini. Inashika, na inatoka kwa maji.

Kuhusu mkao: kwenye picha ncha iwe juu, mdomo ukimwelekea mtazamaji, mhimili ukiwa sambamba na meza. Mhimili ukiinama nyuzi 10, urefu wake kwenye picha unapungua kwa takriban asilimia 1.5, kiasi kinachovumilika. Ukiinama nyuzi 20 unapungua asilimia 6, na ganda la milimita 5.8 linasomeka chini kidogo ya 5.5. Jicho halioni mwinamo wa nyuzi 20 kwa urahisi kupitia hadubini. Dawa ni kupiga picha mara ya pili ganda likiwa limegeuzwa robo mzunguko kwa kuzungusha pini iliyolazwa sambamba na meza: urefu ukitofautiana kati ya picha hizo mbili, mkao haujakaa.

Skeli nayo ilileta taabu. Hadubini yangu inakuza bila vituo, pete inazunguka tu, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye pete si ya kutegemea. Vipimo vya awali vya ganda lilelile vilipishana bila sababu. Sasa mikromita ya kioo, yaani kipande cha kioo chenye mistari ya kipimo, inapigwa picha kabla na baada ya kila kundi la picha, pete ikiwa imefungwa kwa utepe, na kipimo kinachukuliwa kwenye kompyuta kwa programu ya ImageJ, ambayo ni ya bure.

Ganda lililo kamili kuliko yote: urefu milimita 5.8, upana 2.7, urefu wa mdomo 2.6.

Mwanga ni nusu ya kazi. Mwanga wa kutoka juu moja kwa moja huufuta mchongo wote wa ganda jeupe. Mbavu zinatoweka kabisa. Taa moja tu, chini, kutoka upande wa juu kushoto, mandhari nyeusi, ganda kavu kabisa. Ganda lenye unyevu linang'aa na kuficha nyuzi. Kwa kuwa kina cha fokasi ni kidogo mno, kila pozi linahitaji mlolongo wa picha zenye fokasi tofauti zinazounganishwa na programu kuwa picha moja. Programu hizo huacha ukungu kwenye kingo za ganda linalopitisha mwanga, hivyo kila alama ninayoitaja hapa nimeihakikisha kwenye picha mbichi.

24 Februari 2024: Kufananisha picha hakutoshi

Njia ambayo kila mtu huianza ni kupekua picha za maganda hadi litokee linalofanana. Nimeipa nafasi ya haki na nimeiacha. Umbo la pia lenye mbavu na mfereji mfupi lilinipeleka Mangeliidae, Raphitomidae, Borsoniidae, Cancellariidae na hata Columbellidae, na katika kila familia kulikuwa na picha ambayo ningeweza kuapa kwamba ndiyo.

Sababu iko kwenye historia ya kundi lenyewe. Karibu kila konokono wa baharini mwenye umbo hili na mkato kwenye ukingo wa mdomo alitupwa zamani kwenye kapu moja la Turridae. Mwaka 2011 Philippe Bouchet, Yuri Kantor, Alexander Sysoev na Nicolas Puillandre walilipanga upya kapu hilo kwa kutegemea DNA, na Turridae ya zamani ikagawanyika kuwa familia 13. Jenasi na jenasi ndogo walizozigawa ni 358, na Raphitomidae peke yake ilipata 71, nyingi kuliko familia nyingine yoyote ya zile 13. Umbo la jumla, basi, ni nguo iliyovaliwa na koo nyingi zisizo na undugu wa karibu. Anayetafuta jina kwa umbo anatafuta mahali pasipo na jibu.

Kuanzia hapa nimebadili mpangilio wa kazi: ncha kwanza, mkato wa mdomo pili, mchongo wa mwili tatu, umbo mwisho.

16 Machi 2024: Ncha

Hii ndiyo hatua ninayotaka isomwe kwa makini kuliko zote.

Konokono habadilishi ganda akikua. Anaongeza ukingoni tu, kwa hiyo ganda alilokuwa nalo akiwa buu linabaki nchani maisha yake yote, mradi tu halijalika. Sehemu hiyo huitwa protokonki, na yote yaliyojengwa baada ya buu kutua chini huitwa teleokonki. Kwenye maganda yangu mpaka kati ya hizo mbili uko wazi: kahawia inakatika ghafla kwenye mstari uliopinda, na mbele yake weupe unaanza pamoja na mbavu za kwanza.

Kwanza, mwelekeo. Katika Pyramidellidae na jamaa zake protokonki hujizungusha upande tofauti na ganda la utu uzima, na huonekana imelala ubavu juu ya ncha. Hapa imesimama kwenye mhimili uleule. Jamaa hao wote wameondoka.

Pili, hesabu ya mizunguko. Kuhesabu kwa kutazama ubavuni hakuaminiki, kwa sababu robo ya kwanza ya mzunguko inajificha. Ganda lisimamishwe ncha ikielekea juu kwenye lenzi, upigwe mstari ulionyooka unaokata mwanzo wa kiini, yaani kitone cha kwanza cha ganda, kisha ihesabiwe kila mara mshono, yaani mstari ambapo mizunguko inaungana, unapouvuka mstari huo. Kwa njia hii protokonki ina mizunguko mitatu na nusu. Kiini ni kidogo.

Namba hizo zina maana. Gunnar Thorson alieleza mwaka 1950 kwamba kiini kidogo chenye mizunguko mingi ni alama ya buu aliyekaa muda mrefu akielea na kula, na kiini kikubwa cha mviringo chenye mizunguko michache ni alama ya aliyekua kwa kutumia kiini cha yai. Kwa konokono wa kilindini jambo hili linanigusa sana. Vipimo vya isotopu za oksijeni vilivyochapishwa mwaka 1985 vilionyesha kwamba baadhi ya konokono wa vilindini hujenga protokonki katika maji ya juu yenye joto, ndipo hushuka kuishi gizani. Mtoto wa gramu isiyopimika anapanda mamia ya mita na kuteremka tena, na safari yake imebaki imeandikwa kwenye ncha ninayoitazama.

Tatu, mchongo. Hapa hadubini ya kawaida ilikaribia kushindwa. Kwa mwanga wa kawaida protokonki ilionekana laini, na kama ningeishia hapo ningepotea moja kwa moja. Niliishusha taa mpaka ikawa karibu sambamba na meza, nikazungusha pini polepole, na kwenye mzunguko wa pili wa ncha mistari ikajitokeza: seti mbili za vijimbavu vyembamba vinavyokatana mshazari kama macho ya wavu wa kimia, na chini kidogo ya mshono seti moja tu ya mistari iliyopinda. Wavu huo wa mshazari kwenye protokonki yenye mizunguko mingi ni alama ya Raphitomidae.

Tahadhari kwa anayefuata njia hii: kukosekana kwa wavu si ushahidi wa kuiondoa familia. Raphitomidae ambao mabuu wao hawali wakielea huwa na protokonki fupi, na mchongo huo hupungua au hupotea. Wavu ukiwapo unathibitisha. Usipokuwapo, endelea kutafuta kwingine. Tena protokonki iliyolika haina jibu lolote. Kati ya maganda yangu ni mawili tu yenye ncha isiyoguswa na fomalini wala kusuguliwa na mchanga, na bila hayo mradi ungeishia hapa. Ndiyo maana ganda moja lenye ncha nzima na mdomo uliovunjika lina thamani kuliko kumi yenye midomo mizuri na ncha butu, ingawa hayo kumi ndiyo yanayopendeza machoni.

6 Aprili 2024: Mkato kwenye mdomo ambao haupo

Alama ya pili ni mkato ulioko upande wa juu wa ukingo wa mdomo, mahali mnyama anapotolea maji na taka. Mahali na umbo lake hutenganisha familia. Tatizo: hakuna hata ganda moja lenye ukingo mzima. Kingo za maganda haya ni nyembamba mno na dreji haina huruma.

Nilijaribu kukisia umbo la mkato kutoka kwenye sehemu iliyobaki, nikalinganisha ganda kwa ganda. Kila ganda lilitoa umbo lake, kulingana na lilivyovunjika. Njia hiyo haina faida.

Suluhisho lilikuwa kwenye kipande kilichovunjwa na kisafishio Januari. Kila mstari wa ukuaji juu ya ganda ni ukingo wa mdomo wa siku fulani. Mdomo wa leo ukivunjika, midomo ya nyuma bado iko pale, imechorwa juu ya bega la mzunguko mmoja baada ya mwingine. Kwenye kipande hicho nilipaka vumbi laini la risasi ya penseli kwa burashi kavu, nikalifuta juu juu. Vumbi likabaki kwenye mifereji ya mistari. Mistari inaanza kwenye mshono, inarudi nyuma kwa ghafla ikiwa bado karibu na mshono, kisha inapinda mbele kwa mapana kuelekea kwenye bega na kushuka juu ya mbavu. Penye kina zaidi ni kwenye mteremko kati ya mshono na bega.

Baada ya kujua cha kutafuta, niliiona mistari hiyohiyo kwenye maganda mazima kwa mwanga wa chini, bila kupaka kitu. Risasi isipakwe kwenye ganda zuri, huingia kwenye vinyweleo.

Turridae kwa maana yao finyu ya sasa wameondoka, kwani mkato wao hukaa kwenye kigongo cha pembeni. Columbellidae na Cancellariidae hawana mkato wa namna hii, na Cancellariidae aghalabu wana mikunjo kwenye nguzo ya ndani. Hapa nguzo ni laini. Mkato wa Mangeliidae nao huwa kwenye mteremko wa bega, hivyo peke yake usingewaondoa. Ncha ndiyo iliyowaondoa. Alama mbili zimekutana kwenye familia moja na sasa ninaandika Raphitomidae bila kusitasita.

Ningependa pia kutazama kifuniko cha mdomo, ila Raphitomidae hawana, hata wakiwa hai.

27 Aprili 2024: Unga mweupe sandukuni

Dharura iliyosimamisha kazi. Maganda matatu yaliyokuwa kwenye slaidi za kadibodi, ndani ya sanduku la mbao, yameota unga mweupe na vijisindano vya fuwele. Sanduku likifunguliwa linanuka siki.

Huu ni ugonjwa wa Byne, uliopewa jina la Loftus St. George Byne aliyeueleza mwaka 1899. Yeye aliudhania ni bakteria. Ni kemia: mbao, hasa mwaloni, na kadibodi hutoa mvuke wa asidi ya asetiki na fomiki, na ikichanganyika na unyevu wa hewa hula kaboneti na kuacha chumvi za kalsiamu. Ganda kubwa hupoteza mng'ao. Ganda la milimita 5 hupoteza mchongo, na mchongo ndio utambulisho wenyewe. Ganda moja halina tena hata nyuzi kwenye mizunguko ya juu. Hayo mengine mawili yamepona kwa kuoshwa mara kadhaa kwa maji na kukaushwa taratibu.

Kwa bahati nzuri yale mawili yenye ncha nzima yalikuwa kwenye mirija ya plastiki. Sasa yote yako humo, aina ya polipropilini, kila moja na karatasi isiyo na asidi. Mirija ya kioo cha bei ya chini nayo niliiepuka: kioo hafifu huchuja alkali juu ya uso wake na kimejulikana kuharibu maganda madogo kwenye makusanyo ya makumbusho. Pamba haikai ndani pia, nyuzi zake hunasa kwenye mbavu na kuvunja ukingo wakati wa kutoa.

25 Mei 2024: Kutoka familia kwenda jenasi

Hapa kasi imeshuka, na ni haki ishuke. Jenasi za vilindini zilizobaki mezani ni tatu: Pleurotomella, iliyoundwa na Addison Emery Verrill mwaka 1872, Gymnobela, ya Verrill huyohuyo, mwaka 1884, na Xanthodaphne ya Powell, mwaka 1942. Kwa jumla ganda la Xanthodaphne ni jepesi na mchongo wake hafifu, kwa hiyo mbavu nzito za ganda hili zinalisogeza mbali. Gymnobela kwa kawaida ina mzunguko wa mwisho mnene na mnara mfupi. Ganda langu ni jembamba, upana wake ni chini ya nusu ya urefu, mnara mrefu, mbavu zimepinda na zimeishia kwenye bega. Yote yanaelekea Pleurotomella.

MolluscaBase, hifadhidata ya mtandaoni ya majina ya moluska, ilinisaidia kwa kazi yake halisi, ambayo ni kujua jina lipi linakubalika leo na lilichapishwa wapi mara ya kwanza. Haitambui ganda, na asiyejua familia hana pa kuanzia. Maelezo ya asili mengi yamepatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, ikiwemo ripoti ya Robert Boog Watson ya mwaka 1886 kuhusu konokono wa safari ya HMS Challenger ya 1872 hadi 1876. Watson aliandika kwa subira kubwa, anagusa mbavu, nyuzi, mshono na ncha kimoja kimoja, na nimejifunza kwake namna ya kuandika maelezo yangu. Usomaji huu umekula jioni nyingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Swali la umri halijafungwa. Ukingo mnene ungekuwa ishara ya mtu mzima, lakini Raphitomidae wengi wa vilindini hubaki na ukingo mwembamba hata wakikomaa. Ganda la milimita 5.8 linaweza kuwa la mtu mzima wa spishi ndogo, au kijana wa spishi kubwa. Kwa sababu hiyo urefu nimeuondoa kwenye orodha ya alama za kulinganisha. Nalinganisha mizunguko minne ya kwanza ya teleokonki na mizunguko minne ya kwanza ya spishi nyingine, hata kama ganda lao lina sita au saba.

Picha, vipimo na maelezo nimevituma kwa mtaalamu wa kundi hili. Jibu lake lilikuwa fupi na la msaada: familia anakubali, Pleurotomella anakubali kwa maana pana tu, kwani mipaka ya jenasi hizi haijasimama pale DNA inapoulizwa, na spishi asingeitaja bila kujua bahari. Aliuliza kama kuna nyama iliyokauka ndani, kwa ajili ya radula, ulimi wa konokono wenye meno madogo. Hakuna. DNA imewahi kutolewa kwenye maganda matupu, lakini ni lazima ganda lisagwe, na mimi sina ganda la kusaga.

15 Juni 2024: Mahali kazi ilipofika

Lebo, kwa penseli, sasa inasomeka: *Pleurotomella* sp., Raphitomidae, maganda matupu, dreji, mita 620–640, mahali hapasomeki. Alama ya "cf." nimeiepuka kwa makusudi. Alama hiyo humwambia msomaji kwamba ganda limelinganishwa na spishi fulani na linakaribia kuwa ndiyo, na spishi hiyo sina. "sp." inasema jenasi inajulikana na spishi haijatajwa, na ndivyo ilivyo. Kuweka jina kamili kungependeza kwenye picha, kisha mtu mwingine angelichukua kuongeza bahari nzima kwenye ramani ya spishi ambayo huenda haijawahi kufika huko.

Gharama hadi sasa: ganda moja kwa mawimbi ya sauti, moja kwa hipokloriti, moja kwa ugonjwa wa Byne, na doa la mafuta kwenye jingine. Vifaa vilivyofanya kazi ya kweli ni burashi, pini, gundi ya tragakanti, mikromita ya kioo, taa moja inayoshuka chini kabisa na mirija ya plastiki.

Mwenye kitabu cha kazi cha chombo kilichokokota amekubali kutafuta kituo, yaani mahali dreji iliposhushwa, kwa kutumia kina na aina ya dreji. Kikipatikana, orodha ya spishi za kulinganisha itapungua mara moja na nitaongeza sehemu hapa.

Wakati nangoja, nimerudi kwenye mashapo ya chekeche ya milimita 0.5, ambayo sikuyagusa Januari. Yana ncha za kahawia zilizokatika, nyingi, bila miili. Zilizo na wavu wa mshazari nazipanga kwa hesabu ya mizunguko na upana wa kiini. Zile za kwanza zinaonyesha makundi mawili ya ukubwa tofauti, moja likilingana na maganda yangu. La pili lina kiini kikubwa zaidi, na mwili wake sijauona kwenye chupa.